Kasho ya Jikoni

Mume wangu Barthélemy, baba wa Sagesse wetu, alikuwa polisi. Tangu vita viingie mjini kituo chao kimebaki kuta tupu, hata mabati ya kasho walimofungia wezi yameibwa, naye anashinda nyumbani hapa Nyalukemba akinichosha roho. Siku hizi mwizi akikamatwa hapelekwi popote. Watu wanammaliza palepale barabarani.

Jumamosi asubuhi walimkamata Delphin, fundi viatu wa hapa chini, eti ameiba simu. Mume wangu akatoka na malapa miguuni, akajipenyeza katikati yao, akamkumbatia kijana ili mawe yampate yeye kwanza. Sijawahi kumpenda kama dakika ile.

"Muniachie ye," alisema. "Nitamufunga, tutauliza muzuri."

"Utamufunga wapi, Papa Sagesse? Kasho haiko tena," akasema Lucie, mwenye simu.

"Kwangu. Mu jikoni."

Wakamwachia shingo upande. Nikafunga kufuli mwenyewe. Watu wakajaa uani, mume wangu akaegemea mlango, akaanza kumuuliza Lucie: simu aliishika mara ya mwisho wapi, nani alikuwepo. Aliuliza taratibu, kama polisi anayestahili jina hilo. Mawe yakaanza kutupwa chini. Lucie akasita, akasema pengine aliisahau kwa dada yake, ngoja aende kuangalia.

Ndipo Delphin akaita kutoka ndani, "Papa, usichoke na hawa batu. Maman yangu iko mu njia, analeta kitu. Kama ile mara ingine."

Waliokuwa uani wakageuka kumtazama mume wangu.

"Kama ile mara ingine," akarudia Lucie.

Wote walizijua zile mara nyingine. Mwizi aliingia kituoni asubuhi, mama yake akapita mchana, na jioni jamaa akatupungia mkono. Mimi nilijua kuliko wote, kwa kuwa sufuria zetu zilijazwa na hao akina mama.

Mume wangu akatandaza mikono mlangoni. Wakamsogeza kando bila kumpiga, kwa heshima kabisa, wakavunja mlango.

Lucie hajaniambia simu aliikuta wapi, nami naogopa kumuuliza.

Jioni mume wangu alikuwa akisugua sakafu ya jikoni.

"Juu ya nini hakunyamaza?" aliniuliza. "Nilikuwa namuokoa."

"Angejua namna gani, Papa Sagesse? Kwako mutu alikuwa anatokaka na franga tu."