Vipande Vinane vya Amna

Amna alikuwa nyuma ya duka la vitenge la baba yake, Babati mjini, kompyuta mapajani, akitabasamu peke yake. Programu ilikuwa imemaliza kuchambua protini za bakteria wa kifua kikuu na kumpa vipande vinane ambavyo, kwa makadirio yake, kinga ya mwili ingevitambua upesi. Vikithibitika maabara, huenda siku moja vikatumika kutengeneza chanjo. Msimamizi wake chuoni aliitaka orodha jioni hiyo.

Mzee Pantaleo, mkulima wa kijiji cha Sigino na mteja wa miaka mingi, akachungulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una furaha hivyo?"

Amna akamweleza. Mzee aliwahi kuugua TB na kumeza dawa miezi sita, kwa hiyo alivuta kiti kabisa.

"Sasa hiyo mashine inajuaje mwili wangu utakitambua kipande gani?"

"Kwa vinasaba, mzee. Miili yetu haifanani. Tunaipa mashine aina za vinasaba vya watu, nayo inakadiria."

"Na hao ulioipa mashine ni watu wa wapi?"

Amna akaangalia tena kwenye kompyuta. Alikuwa ametumia vinasaba vilivyokuja na programu, na vingi vilikuwa vya watu wa Ulaya.

"Si wa huku," alikiri kwa aibu.

"Basi na sisi tuweke, bwana!" Mzee akaangua kicheko, na Amna naye akashindwa kujizuia.

Alimpigia msimamizi, akaomba siku tatu. Akatafuta aina za vinasaba zilizokwisha kupatikana Tanzania na nchi jirani, akaziongeza, akaanza upya. Vipande vitano vikaanguka, vingine vitano vikachukua nafasi zao, na orodha mpya ikapelekwa maabara.

Miezi minne baadaye majibu ya maabara yakafika. Damu ya watu waliojitolea ilikuwa imeviitikia vipande vitatu kwa nguvu, na viwili kati ya hivyo ni vile vipya! Amna alipiga vigelegele katikati ya duka, kisha akadandia bodaboda hadi Sigino.

Alimkuta mzee na mkewe, Mama Vailet, wakipura mbaazi.

"Kwa hiyo nije kuchomwa lini?" mzee aliuliza, akikunja mkono wa shati.

"Bado sana, mzee. Labda miaka kumi, na huenda vipande hivi visifike kabisa kuwa chanjo."

"Wewe endelea tu. Mama Vailet, hebu mfungie mtaalamu wetu mbaazi."

Alifungiwa nusu gunia, na dereva wa bodaboda akalalamika njia nzima.