Mkate Usiotiwa Chumvi

Zamu ya kuoka mkate wa Meza ya Bwana ilizunguka nyumba kwa nyumba, na kila ilipofika kwa Chumvi iliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi asilowe viatu. Hakuna aliyewahi kusema neno. Jumamosi moja mchungaji alibisha hodi mwenyewe, akaweka mfuko wa unga mezani, akasema zamu imefika.

Chumvi alidhani mzee anamtania. Akamkumbusha kwamba mtaa huu hata maji yake haunywi. Mchungaji akakiri kuwa anajua. Tena yeye mwenyewe alipokuja kumtembelea mara ya kwanza aliimwaga chai yake kwenye chungu cha maua, na maua yakastawi kuliko yote. Kisha utani ukamtoka usoni.

"Meza si yangu, binti yangu, wala si yao. Mwenyewe alikwisha kukukaribisha. Mimi mbeba sahani tu."

Jina la Chumvi hakubatizwa nalo; mtaa ndio uliompa. Alikuwa mpishi wa kiwanda cha nguo. Siku moja, sufuria zikichemka na foleni ikigonga vijiko kwenye sahani, alichota kwenye kopo la chumvi ambalo mtu wa stoo alikuwa amelitilia dawa ya wadudu, akamimina kwenye maharage, wala hakuonja. Kaka yake, fundi wa mashine, alikula wa kwanza, maana ndugu wa mpishi hapangi foleni. Wengine walilazwa wakapona. Yeye akazikwa. Mahakama ilimfunga dada mtu kwa uzembe, na alipotoka akakuta mtaa nao umemhukumu, kifungo kisicho na siku ya kutoka.

Gerezani ndiko alikoanza kusali, na kule kuamini kwamba Mungu amempokea kulikuwa kwepesi. Kazi ilikuwa Jumapili, kwenye benchi la nyuma, wenzake walipotandaza mikoba yao pembeni asije akasogea karibu.

Aliuchekecha unga, akaunusa, akauchekecha tena. Akalinyooshea mkono kopo la chumvi. Chumvi ilikuwa mpya, ya dukani, haijafunguliwa. Lakini aliyeumwa na nyoka hushtushwa na ukambaa. Akarudisha mkono, akakanda hivyo hivyo.

Kanisani mwao mkate hupitishwa mkono kwa mkono. Kila mtu humega kipande, akakishika kiganjani, na hakuna anayekula mpaka wote wapate. Hapo hula pamoja. Mchungaji na aliyeoka hula mwisho, kwa kuwa wao ndio wanaoandaa.

Jumapili hiyo sahani ilianzia benchi la mbele, alikokaa wifi yake, mjane wa yule kaka. Alikuwa mshona nguo, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Tangu mazishi hawakuwa wamesemezana. Wifi alimega, akapitisha. Kiongozi wa kwaya aliyefuata alikishika kipande chake kwa ncha za vidole, akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba hata wa kiwandani walipakuliwa kwa upendo. Mtu akacheka puani.

Mchungaji akaomba, kisha akawaambia wale.

Hakuna aliyekula.

Feni ilizunguka juu. Mwanamume mmoja alikifunga kipande chake kwenye leso, taratibu, kana kwamba anahifadhi. Mama mmoja aliushika mkono wa mwanawe uliokuwa ukielekea kinywani, akaushusha. Huo ndio uliomchoma Chumvi kupita maneno yote. Alimtazama mchungaji, mchungaji naye alikuwa amefumba macho, jasho likimtiririka shingoni.

Chumvi akainuka. Akaenda mpaka mbele. Akachukua kipande kwenye sahani.

"Nitakula mimi kwanza," akasema. "Mkisubiri kidogo, mtaona wenyewe."

"Kiweke chini, wifi."

Kanisa zima liligeuka. Mjane alikuwa amesimama, mkate mkononi.

"Ukila kwanza, nitakuwa nimeliamini tumbo lako. Mimi sikuja hapa kulipima tumbo lako." Akakigeuza kipande kiganjani. "Usidhani nimesahau. Kila nikitandika kitanda namkumbuka. Ila kwenye meza hii hata mimi sikuingia kwa wema wangu. Nilikaribishwa tu, kama wewe. Sasa nani amfukuze nani?"

Akatia mkate mdomoni.

Akatafuna. Chumvi alilitazama lile taya likipanda na kushuka, kama alivyolitazama la kaka yake siku ile, kupitia dirisha la jiko. Mara wifi akakunja uso. Mkono ukaenda mdomoni. Mtu wa nyuma akaguta, benchi likalia, na Chumvi akapiga hatua kumwendea.

Wifi akameza.

"Hauna chumvi," akasema.

"Niliogopa," Chumvi akasema.

"Najua uliogopa. Zamu yako ikifika tena, utie."

Mchungaji alishusha pumzi kama gurudumu lililotobolewa. Yule mtoto akaponyoka mkono wa mama yake akala, akasema kwa sauti kwamba kweli, hauna ladha. Leso ikafunguliwa. Mmoja akala, wa pili akala, bila kutazamana. Kiongozi wa kwaya alikuja mwisho, macho ameyafumba kama anayekunywa dawa ya minyoo, lakini alikula.

Chumvi alibaki amesimama na kipande chake, asijue arudi nyuma au atoke nje. Wifi yake aliunyakua mkoba uliokuwa kando yake kwenye benchi, akaupakata.

"Kaa basi," akasema, bila kumtazama. "Kaa, ule na wewe."