Mkanda wa Kijani

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mikanda, na kinyozi yule hakukasirika hata siku moja. Suti zake zilikuwa za mtu mstaarabu, kijivu au bluu nzito, zimenyooshwa kwa pasi zikanyooka. Vituko vilikuwa kiunoni: leo kamba ya katani iliyosukwa, kesho ngozi nyekundu kama pilipili. "Suti ikinyamaza, mkanda uongee," aliwahubiria wateja kitini, wapende wasipende. Bintiye alipokuwa mdogo, wakifika langoni mwa shule, alikuwa akimfunga baba vifungo vya koti kwanza, maana wenzake walikuwa na midomo.

Sasa binti anaolewa, na wako kwa fundi wa ngozi. Binti alimchagulia baba mkanda mweusi wa kawaida, wa kwenda na viatu. Baba akachukua wa kijani kibichi, wenye kifungio cha shaba chenye umbo la samaki, akaulaza juu ya suti ya kijivu na kuinamisha kichwa kama anayekagua nywele alizozikata.

Binti akamvuta pembeni, akamsihi japo mara hii avae kama baba za wenzake. Alimsihi kwa sauti ya chini, kwani ni yeye pekee aliyejua daktari alimwambia baba nini. Mama hakuambiwa, wala mashangazi.

"Itazame shingo yangu," baba alisema. Kola ilikuwa imeachana nayo kabisa. "Wakiucheka mkanda, hawataiona. Najua, mficha maradhi kilio humuumbua. Na kiniumbue, mwanangu, ila kingoje harusi yako ipite."

Binti akaurudisha ule mweusi mahali pake. Fundi aliuliza matundu ayatoboe wapi. Baba akaonyesha la kumtosha leo, kisha akasogeza kidole kwa ndani, na tena kwa ndani. Fundi akatania kwamba wazazi wa maharusi wote huomba ya nje, maana tumbo halina adabu karamuni. Baba alicheka sana. Binti alitoka akaenda kulia mlangoni.

Siku ya harusi, mlangoni mwa ukumbi, alimkuta baba amelifunga koti lote, mkanda hauonekani.

"Nimekusitiri," baba alisema. "Kama kule shuleni."

Binti akainama na shela lake, akavifungua vifungo kimoja kimoja. Samaki wa shaba akatokeza. Mkanda ulikuwa umepita matundu yote ya fundi, ukashikwa na tundu jingine, limekaa upande, limetobolewa nyumbani kwa msumari. Alilifunika kidogo kwa kiganja, halafu akamshika baba mkono. Ndani ya koti mkono ule ulikuwa mfupa mtupu.

"Kaka, hata leo?" shangazi alipaza sauti walipoingia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Binti alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, na watu wakasema ni furaha.

Shingo hakuna aliyeitazama.