Lami Chini ya Karavani

Makarius alinidhalilisha pale Msamala mbele ya watu, nami sikusahau. Nimsingizie shetani? Hapana. Ni roho yangu mwenyewe.

Alikuwa amenunua karavani, nyumba ya magurudumu iliyoachwa na wajenzi wa barabara. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye vijisenti anafungua duka. Alitaka kuiegesha kando ya barabara auzie humo soda na vitenge. Sakafu ilikuwa ya mbao, na kwa chini mbao zilikuwa wazi, zimenyeshewa Machi nzima. Akaniita mimi, seremala, nizikinge na maji; nikalala chali nikazigusa. Mbichi, chepechepe.

"Bosi, tuziache zikauke mwezi mzima," nikamwambia. "Ndipo tuzipake oili chafu, na kurudia baada ya wiki. Mbao lazima zipumue, la sivyo zitaoza."

Yeye alikuwa na nusu pipa la lami. Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Lami inabeba malori yote yatokayo Makambako, leo ishindwe na vitone vya maji? Hironimus, wewe baki na majeneza yako. Wateja wa huko hawarudi kulalamika."

Watu waliokuwa wanakunywa soda kwenye kibanda cha jirani wakaangua kicheko.

Nikachemsha lami, nikapaka mara tatu juu ya mbao mbichi, nikaziba kila ufa ili maji yasipate pa kutokea. Nilijua zitaoza ndani kwa ndani. Potelea mbali, nikasema moyoni, atajuta huyu! Palimeta vizuri ajabu, na Makarius akanipa mkono.

Mwaka ukapita. Siku moja binti yangu Renatha akarudi nyumbani Mjimwema anarukaruka: Makarius kampa kazi ya kuuza kwenye karavani. Nikamkatalia. "Kwa nini, baba?" Nikadai tu kwamba huyo mtu ana mdomo mchafu. Mama yake, Skolastika, akanijia juu, eti namzibia mtoto riziki. Kesho yake Renatha akaenda kazini.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikaingia chini ya karavani mchana kweupe, nikachoma lami kwa bisibisi. Ikazama hadi mpini, maji meusi yakanitiririkia kiganjani. Juu yangu nilisikia ndala za Renatha zikienda na kurudi. Jamani, niliogopa.

Nikatoka ili niseme. Makarius alikuwa amesimama na wateja, mikono kiunoni. "Haya fundi, lete ripoti! Si ulisema zitaoza? Au umekuja kutazama aibu yako?" Wakacheka tena, walewale. Nikisema zimeoza, ataniuliza ni nani aliyepaka huku akijua. Kiburi kikanishika.

"Nzima kabisa," nikamjibu. "Kazi yangu hiyo."

Renatha alikuwa dirishani, akinitazama kwa fahari.

Jumamosi ikaletwa friza kubwa, wanaume wanne wakaipandisha. Renatha akasogea kupanga soda. Sakafu ikakatika chini yake, friza ikamfuata.

Hospitalini waliukata mguu wake wa kulia juu ya goti. Makarius alisimama kando ya kitanda akilia kama mtoto, akimwomba msamaha, kwamba pengine mbao zilikuwa mbovu naye hakujua.

"Haiwezekani, bosi," Renatha akasema, ameushika mkono wangu. "Baba alizikagua wiki hiihii. Zingekuwa mbovu, angeniacha nisimame pale?"