Mwenye Pete Haposwi

Msumeno wa mashine ulipoanza kunguruma msituni asubuhi ile, Mama Pete alikuwa anakaza kifuniko cha chupa ya chai ya wakataji, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Kila msimu wa kuvuna mbao ulipokaribia, aliingia msituni na kopo la rangi, akaizungushia pete nyeupe mivule mama, ile mikubwa yenye kuzaa vizuri, ili isikatwe. Popo walikula matunda yake wakatawanya mbegu, na msitu ukajipanda wenyewe. Pete aliichora chini kabisa, karibu na mizizi. Mwizi angebeba gogo, lakini kisiki kingebaki na ushahidi wake. Kwa mpango huo watu wa pale walipata mbao, asali, dawa na maji ya chemchemi tangu enzi za mama yake, aliyemwachia brashi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya pete. Hata watoto walitaniana: mwenye pete haposwi.

Safari hii wakataji wa siku zote walikuwa wameenda kujenga barabara, hivyo shemeji yake, mwenyekiti wa kikundi cha msitu, alikodi wengine kutoka mbali. Alimhakikishia kwamba ni mafundi hasa, na kwamba amewaambia wafuate rangi, basi. Mama Pete aliona hayo yanatosha.

Kando ya barabara, mahali magogo yalipokusanywa, alimkuta kaka yake, seremala, akipapasa gogo kama mtu aliyepata ng'ombe wa maziwa.

“Njoo uone, mdogo wangu,” alisema. “Tangu nishike randa sijakutana na upana huu. Meza ya watu kumi unaitoa kwa ubao mmoja.”

Mama Pete alitabasamu ili asimharibie furaha, lakini upana ule ulimtia wasiwasi. Akaongeza mwendo. Alipopinda njia aliuona mvule mzee uliokauka kilele, aliouacha bila pete kusudi ukatwe. Ulikuwa bado umesimama. Nyuma yake palikuwa na mwanga mwingi mno. Akausogelea mwanga ule, akaona kisiki kibichi kinachotoka utomvu, na chini yake pete yake nyeupe, safi kama alivyoichora.

Mbele kulikuwa na kingine. Na kingine.

Hakujua chupa ya chai ilimtoka mkononi saa ngapi. Alifuata ngurumo mpaka akamfikia mkuu wa wakataji, ambaye wenzake walimwita Kinyozi. Mtu yule alimwamkia kwa adabu, akamuuliza kama ndiye aliyepaka.

“Nakupongeza, mama. Sijawahi kupata alama safi namna hii. Mti ambao hukuupaka hatukuugusa.”

Mama Pete alitaka kupiga kelele, sauti ikatoka kama ya mgonjwa. “Wenye pete ndio wa kubaki.”

Kinyozi alicheka, akidhani anataniwa. Kwao, alisema, unapaka kile unachokitaka. Usichokitaka utakipaka rangi kwa nini? Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikafa. Alipiga mluzi. Mashine ikanyamaza.

Mvule mama wa mwisho ulikuwa bado umesimama. Walikuwa wameshaufungua mdomo, ule mkato wa upande utakaoangukia, na msumeno ulikuwa unahamia nyuma.

Mwenyekiti alifika akihema. Alitazama visiki, akasema kwamba aliwaambia wafuate rangi. Akasema tena. Alikuwa akilirudia neno lile taratibu, kama anayetafuta ndani yake kitu kilichoanguka. Seremala alikuja nyuma yake, akachuma tunda kwenye tawi lililolala chini, akalipasua kwa ukucha. Likatoa maziwa meupe.

“Mabichi,” alisema. “Hata mbegu za kupanda hakuna.” Akakaa chini palepale. “Nami nilikuwa nashangilia msiba.”

Bila kuambiwa, Kinyozi aliwaita wenzake walete kamba za waya. Waliufunga mvule ule uliojeruhiwa kwenye miti iliyouzunguka, ile isiyo na pete, iliyotakiwa kuwa mbao siku hiyo. Sasa isingekatwa, kwani ndiyo iliyomshikilia mama yao. Alipomaliza, Kinyozi alivua kofia ngumu akauliza kama utapona. Mama Pete alisema hajui.

“Na hii iliyoshika kamba, mama, tuipake?”

Alifungua mdomo aseme ndiyo. Akaona macho yao yote yakimngoja, wageni kwa wenyeji, akasita: pete ileile, kwa hawa ni acha, kwa wale ni kata. Upepo ukapita juu, waya ukalia, na wote wakabaki wameinua vichwa, wakiusikiliza mti.