Kitambaa Cheusi cha Papa Alecu

Bibiane alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa uchovu wa miaka. Asubuhi alipanda treni Blacktown kwenda Auburn, humohumo Sydney, kumhudumia mzee, jioni akapanga maboksi ghalani, na Jumapili, badala ya kupumzika, akaimba kwaya, maana Mungu naye anataka haki yake. Binti yake Aline alikuwa akimwambia kila siku kwa Kiingereza, "Mum, just quit." Aache kazi wale nini, mawe? Watoto wa siku hizi, jamani!

Ijumaa hiyo miguu ilimwia mizito kuliko siku zote, kwa sababu alitakiwa kwenda kumdanganya mzee wake.

Mzee mwenyewe aliitwa Alecu Calavrino, Mromania wa miaka themanini na ushee, mjane mwenye meno ya bandia. Ungemwona na pajama zake ungesema mstaafu wa reli. Kumbe babu zake walikuwa watawala! Walikuwa Wagiriki wa Istanbul, watu wa mali na lugha nyingi, na Sultani wa Waturuki akawa anawatuma kuwatawala Waromania kwa niaba yake. Wakaoa huko, wakazaa huko, wakazikwa huko, mpaka Kigiriki chenyewe kikawapotea. Wenyeji wakaendelea kuwaita Wagiriki vilevile. Hayo yote Bibiane aliyapata kwa Kifaransa, lugha ambayo mzee alifundishwa na yaya wake, na yeye alifundishwa na masista wa Bukavu. Smaranda, binti wa mzee, alizaliwa Sydney na hakujua hata neno moja la Kifaransa.

"Madame Bibiane," mzee alikuwa akisema akiletewa supu, "leo nimekuteua waziri wa fedha."

"Na waziri wa supu, Papa Alecu?"

"Huyo nimemfukuza. Hajui chumvi."

Basi watacheka hao, mpaka meno ya mzee yadondoke kwenye bakuli.

Lakini kichwa cha mzee kilikuwa kimeanza kumtupa mkono. Aliacha gesi ikiwaka, akaiacha tena. Smaranda akampatia nafasi katika nyumba ya wazee kule Penrith. Mwezi uliopita walijaribu kumpeleka, naye akang'ang'ania mlango akipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Walipomvuta akaanguka, paji la uso likapasuka. Siku hiyo wakasalimu amri. Safari hii wangekuja wanaume wawili pamoja na muuguzi mwenye sindano ya kumlegeza, na asipoondoka kwa hiari yake angebebwa kama gunia.

"Wewe anakuamini," Smaranda alimwambia Bibiane kwenye simu, sauti ikimkatika. "Mwambie anakwenda kwa daktari, jioni atarudi. Nakuomba sana."

Jioni atarudi! Maneno hayo yalimchoma Bibiane kwa sababu aliyajua. Marehemu mume wake, Cirhuza, alimwambia hivyohivyo vita vilipoingia Bukavu: funga mlango, mama, siku mbili tu tutarudi. Bibiane akaacha maharagwe yamelowekwa kwenye sufuria. Siku mbili zikawa miaka ya kambi, na Cirhuza akazikwa kambini, ufunguo wa nyumba ukiwa bado mfukoni mwake. Bibiane hakuwahi kuiaga nyumba yake, na hata leo, akiwa kwenye treni, huyawaza maharagwe yale. Uongo wa namna hiyo aliuchukia kuliko shetani.

"Sasa nifanye nini, Yesu wangu?" alijiuliza akitoka stesheni. Ndipo akakumbuka habari ya taulo.

Ilikuwa siku zake za mwanzo kazini. Alitaka kumnyoa mzee ndevu, na kwa kuwa taulo nyeupe zote zilikuwa kwenye kamba, akachukua nyeusi na kumwekea begani. Lo! Mzee akasimama wima, akavua saa yake, akaiweka mezani, akaomba koti. "Niko tayari," akasema. Bibiane akadhani mzee amepata kiharusi. Baadaye, mzee alipotulia, alimweleza. Sultani alipomchoka mtawala alituma mjumbe, na mjumbe huyo alimwekea mtawala kitambaa cheusi begani, basi, kazi imekwisha. Calavrino hakubishana na kitambaa. Alisimama, akawaaga watu wa nyumba yake, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe.

"Wengine walikwenda kukatwa kichwa," mzee alisema, "ila walikwenda wakitembea. Kwetu wakomunisti walikuja na bunduki. Nilikuwa na miaka sita. Mama yangu alikokotwa kwenye ngazi na gauni la kulalia. Hakuna aliyetuletea kitambaa, Madame. Ndiyo maana mimi sitoki tena kwenye nyumba kwa kuvutwa."

Alipofika, Bibiane aliikuta gari ya wale wanaume imeshaegeshwa mbele ya nyumba, na Smaranda amekaa jikoni, macho mekundu. Alimwomba ampe nafasi kidogo. Akamwogesha mzee, akamnyoa, akamvisha shati la pasi na koti lake la kanisani. Halafu akafungua kitambaa cheusi alichojifunga kichwani, cha bei rahisi tu, akakikunja na kumwekea mzee begani.

Mzee alikitazama. Smaranda alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, haelewi kitu.

"Kimetoka kwa nani?"

"Kwa uzee, Papa Alecu."

"Aa," mzee akasema. "Huyo hapokei hongo. Ananipeleka wapi?"

"Penrith, kwenye nyumba ya wazee."

Mzee akapapasa upindo wa kitambaa. "Kuna waliorudishwa kwenye kiti, unajua? Babu yangu mmoja alitolewa na kurudishwa, akatolewa tena na kurudishwa. Mimi nitarudi?"

Hapakuwa na mwingine pale aliyejua Kifaransa, na Bibiane angeweza kusema chochote. Akiambiwa kweli, mzee angeweza kung'ang'ania mlango tena na kuanza mayowe, na sindano ilikuwa hapo nje inangoja. Alimpenda mzee huyu, na aliogopa.

"Hapana, Papa," akasema. "Hutarudi."

Machozi yakamtoka mzee, hakuyafuta. Kisha akavua saa, akaiweka mezani, akanyoosha mkono ashikwe kiwiko. Wakazunguka nyumba polepole. Aliliaga jiko, akaliaga dirisha, akakaa kidogo kwenye kitanda upande aliokuwa akilala mke wake. Alimbusu Smaranda kwenye paji la uso, na Smaranda akaziba mdomo kwa kiganja asipige kelele. Wanaume wa kwenye gari hawakuitwa.

Mlangoni mzee alishika ukingo wa mlango. Bibiane akadhani anaung'ang'ania tena. Kumbe mzee alikuwa anamgeukia yeye.

"Na wewe, Madame Bibiane? Kwako Bukavu nani alikuletea kitambaa?"

"Hakuna, Papa. Niliambiwa siku mbili."

Mzee akakitoa kile kitambaa begani kwake, taratibu, vidole vikikataa kutii, akamwekea yeye begani.

"Basi iage nyumba yako," akasema. "Mimi nitakungoja."

Bibiane alisimama pale kizingitini Auburn, akaiona sufuria yake, na maji, na maharagwe yaliyovimba, na Cirhuza akimwita afanye haraka. Safari hii hakufanya haraka.

"Kwaheri," akasema kwa Kiswahili, akalia kama mtu aliyefiwa siku hiyohiyo. Mzee alimngoja, kama alivyoahidi. Halafu wakashuka ngazi wote wawili, kwa miguu yao.