Rangi ya Mwili

Harusi ilikuwa Jumamosi, na Alhamisi jioni Ivyne Obuya alisimama katikati ya duka la fundi Peres pale Riruta, gauni lake mikononi, machozi yakimlengalenga.

"Fundi, hii ni nini umenifanyia?"

"Gauni," Peres akasema, pini mdomoni.

Lesi yenyewe haikuwa na neno. Maua meupe yalishuka kutoka mabegani hadi kiunoni vile alivyotaka. Shida ilikuwa neti iliyoyashika. Katika picha aliyoitoa mtandaoni akamtumia fundi, bibi harusi alikuwa mweupe, na neti yake ya rangi ya biskuti. Hii ya Peres ilikuwa kama kahawa isiyotiwa maziwa.

"Nilikuandikia rangi ya mwili."

"Na nikaweka rangi ya mwili."

"Rangi ya mwili si hii. Inajulikana. Hata ukiitisha soksi za rangi ya mwili dukani unapewa ile."

"Ile ya nani?" Peres akatoa pini. "Mimi niliangalia mkono wako, nikatafuta kitambaa kinachofanana nao, nikaenda nacho tao kutafuta neti ya rangi hiyo. Nimezunguka maduka ya mjini mpaka miguu ikavimba. Kumbe ulitaka mwili wa jirani."

Anti Beryl, aliyemsindikiza, akaegemea cherehani kwa kicheko. Ivyne hakucheka. Tangu shule aliitwa Makaa, na mabibi harusi wote aliowaona kwenye runinga na mabango ya mjini walikuwa weupe. Hata wale wa hapa hapa Kenya walipakwa poda mpaka wakafifia. Alitaka afanane nao, siku hiyo moja tu.

"Vaa kwanza, mama," anti akasema. "Ukilikataa, ulikatae likiwa mwilini."

Akavaa. Peres akafunga zipu, akamgeuza kwenye kioo.

Neti haikuonekana. Yalibaki maua tu, yamekaa juu ya ngozi yake kana kwamba yameota hapo. Ivyne akapapasa bega kutafuta kitambaa kinaanzia wapi. Akageuka upande, akarudi, akaanza kucheka mwenyewe.

"Anti, nipige picha. Na usiweke ile filta yako ya kung'arisha."

"Na wasimamizi wako wa harusi?" Peres akauliza. "Mikono yao sijaiona, kwa hivyo neti yao nilichukua ya biskuti."

"Rudisha. Kila mtu na mwili wake."

"Wako wanne, Ivyne. Na leo ni Alhamisi."

Lakini Anti Beryl alishakunja mkono wa sweta, akalaza mkono wake mezani kati ya vipande vya vitambaa, akiuliza yeye anakaribiana na kipi.